Kupima mashapo ya chini ya ardhi kwa mitetemo: nyundo, kelele za mji, au shimo?

Watu watatu huja na swali moja kwa maneno yaleyale: "Mwamba uko mita ngapi hapa?" Wa kwanza ni mhandisi anayetaka kusimamisha nguzo za daraja kwenye bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Wa pili anatafuta maji Makutupora, nje kidogo ya Dodoma. Wa tatu anajenga ghorofa nane Msasani, na mafundi wamemwambia chini ni jiwe tupu, asihangaike. Ukiwapa wote watatu kipimo kimoja, angalau wawili watakuwa wametupa hela.

Nalinganisha hapa njia tano za kupima matabaka ya mashapo kwa kutumia mitetemo: upindaji, mawimbi ya uso, kelele za ardhi, uakisi, na upimaji wa ndani ya shimo. Niseme mapema ninakoelemea. Kwa kazi nyingi za ujenzi kwenye ukanda wa pwani ningeanza na mawimbi ya uso, niyathibitishe kwa shimo moja la uchorongaji, na upindaji ningeupeleka Dodoma, ambako ardhi inaukubali.

Turudi kwanza kwenye swali lenyewe, maana nusu ya fedha hupotelea hapo. Dar es Salaam imekaa juu ya mashapo ya pwani: mchanga, udongo wa mfinyanzi, mawe ya chokaa, vyote vimelundikana kwa mamilioni ya miaka, na unaweza kushuka kilomita kadhaa kabla ya kugusa mwamba wa kale. Anayeuliza "mwamba uko wapi" Kariakoo hawezi kupata jibu la mita ishirini. Anachotafuta, hata kama hajakisema, ni kina cha tabaka gumu la kutosha kubeba jengo lake. Dodoma mambo ni mengine. Kule granite ya kale iko karibu, imefunikwa na mabaki yake yenyewe yaliyooza pamoja na udongo wa mbuga, na mara nyingi mpaka kati ya kilaini na kigumu unaonekana wazi kwenye vipimo. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua njia ipi itafanya kazi wapi, kuliko hata bei.

Namba chache za kukaa nazo

Kuna aina mbili za mawimbi yanayopita ndani ya ardhi ambazo lazima uzitofautishe kabla ya kusaini mkataba wowote. Wimbi la P husukuma na kuvuta chembe za udongo kuelekea kule linakokwenda, na ndilo linalofika la kwanza. Wimbi la S huzitikisa upande kwa upande, hufika likiwa limechelewa, na halipiti kwenye maji kabisa, kwa sababu maji hayana ukinzani dhidi ya kukatwa.

Mchanga mkavu uliolegea hupitisha wimbi la P kwa mita 300 hadi 600 kwa sekunde. Ukilowa maji mpaka kila tundu likajaa, mchanga uleule unaruka hadi mita 1,500 na zaidi, kwa kuwa sasa wimbi linapita kwenye maji yenyewe. Granite nzima isiyooza inavuka mita 4,500. Wimbi la S halibabaishwi na maji: tope laini la bondeni liko chini ya mita 150 kwa sekunde, mchanga ulioshikana vizuri uko kwenye 250 hadi 400, na granite inazidi 2,000, kuwe kiangazi au masika.

Kumbuka ule mruko wa mchanga mkavu na mchanga uliolowa. Utaturudia.

Upindaji

Hii ndiyo njia kongwe kwenye kazi za uhandisi, na ndiyo wakandarasi wengi wanayokuwa nayo mkononi. Mjerumani Ludger Mintrop aliiwekea hataza mwaka 1919, na kanuni haijabadilika. Unapanga jiofoni 24 (vipokezi vidogo vya mtetemo vinavyochomekwa ardhini) kwenye mstari mmoja, mita mbili hadi tano kati ya moja na nyingine, unalaza bamba la chuma ardhini na kulipiga kwa nyundo ya kilo nane. Wimbi linashuka, na likikuta tabaka lenye kasi kubwa zaidi linapinda, linakimbia juu ya uso wa tabaka hilo huku likirudisha mtetemo juu njia nzima. Jiofoni za karibu zinapata kwanza wimbi lililopita moja kwa moja. Za mbali zinapata kwanza lile lililozungukia chini, kwa sababu njia yake ni ndefu lakini ya kasi. Unachora grafu ya muda dhidi ya umbali, na pale mstari unapovunjika ndipo hesabu inapoanzia.

Chukua mfano. Tabaka la juu lina kasi ya mita 400 kwa sekunde, la chini 1,600, na mstari umevunjika mita 20 kutoka kwenye nyundo. Kina ni nusu ya umbali huo, mara kipeuo cha pili cha tofauti ya kasi mbili ikigawanywa kwa jumla yake: 10 mara kipeuo cha pili cha 1,200 kwa 2,000. Unapata mita 7.7. Ripoti inaandikwa "tabaka la pili, mita 7.7", mteja anasoma "mwamba, mita 7.7", na nguzo zinaagizwa kwa urefu huo.

Hiyo 1,600 si mwamba hata kidogo. Ni usawa wa maji ya ardhini ndani ya mchanga uleule. Kwenye maeneo tambarare ya pwani, ambako maji yako mita chache tu chini, upindaji wa wimbi la P mara nyingi unakupimia maji kwa usahihi mkubwa na kukunyima habari za udongo ulio chini yake. Anayetafuta usawa wa maji atafurahi. Mhandisi wa nguzo asifurahi.

Tatizo la pili ndilo linalomhusu yule mwenye ghorofa Msasani. Upande wa Oysterbay, Msasani na Kunduchi kuna jiwe la matumbawe, unaliona wazi kwenye magenge ya ufukweni. Ni gumu, nyundo inalia juu yake, na fundi anayesema "chini ni jiwe tupu" hakutunga. Lakini jiwe hilo lina unene wake, na sehemu nyingine limelalia mchanga au udongo laini zaidi, achilia mbali matundu yaliyochimbwa na maji ndani ya chokaa yenyewe. Upindaji unahitaji kila tabaka liwe na kasi kuliko la juu yake. Likiwa na kasi ndogo, wimbi linapinda kuelekea chini badala ya kukimbia mpakani, halirudi, na tabaka laini linatoweka kabisa kwenye grafu. Hakuna programu ya kompyuta itakayolirudisha, kwa sababu halikurekodiwa. Zaidi ya hapo, kina cha tabaka lolote gumu lililoko chini zaidi kitatoka kikubwa kuliko ukweli, maana hesabu imechukulia kuwa wimbi lilipita kwenye jiwe muda wote.

Kuna pia kinyume chake: tabaka lenye kasi nzuri lakini jembamba mno, ambalo wimbi lake daima linatanguliwa na la tabaka la chini yake. Hilo nalo linajificha, na safari hii kina kinatoka kidogo kuliko ukweli.

Halafu kuna nafasi. Ili kuona kina fulani unahitaji mstari wenye urefu wa mara nne hadi tano ya kina hicho. Kiwanja cha mita 25 kinakuonyesha mita tano, sita ukibahatika. Mashamba ya Dodoma yanakupa mita mia bila kumhamisha mtu.

Kwa hiyo upindaji si njia mbaya. Pale ambapo udongo uliooza umelalia granite nzima, kasi ikipanda kutoka 500 hadi 4,500 na ushee, inakupa kina cha mwamba kwa mstari mzima, si kwa nukta moja, na inafanya hivyo kwa siku moja ya kazi. Kwa barabara, reli na mabwawa yaliyo kwenye nchi ya granite, sijaona sababu ya kuiacha.

Mawimbi ya uso

Ukipiga bamba kwa nyundo, sehemu kubwa ya nguvu haishuki chini wala hairudi. Inatambaa juujuu ya ardhi kama mawimbi ambayo Lord Rayleigh aliyatabiri kwa hesabu mwaka 1885. Kwa miongo mingi wapimaji wa mafuta waliyaona kama uchafu wa kufuta kwenye rekodi zao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Kansas Geological Survey, Marekani, waliugeuza uchafu huo kuwa kipimo chenyewe. Njia yao, inayojulikana kwa kifupi cha MASW, ilichapishwa mwaka 1999.

Wimbi fupi la uso linatikisa mita moja au mbili za juu tu, kwa hiyo kasi yake inategemea udongo wa juu. Wimbi refu linatikisa hadi mita 20 au 30, kwa hiyo kasi yake inabeba habari za huko chini. Ukipima kasi ya kila urefu wa wimbi, unapata mkunjo ambao kompyuta inaugeuza kuwa kasi ya S kwa kila kina. Vifaa ni vilevile vya upindaji, isipokuwa jiofoni ziwe za 4.5 Hz, yaani mitikisiko 4.5 kwa sekunde, ili zisikie mawimbi marefu; zile za 14 Hz au 28 Hz zitakunyima kina, na hapa ndipo mkandarasi asiye makini anapokutumia alichonacho stoo.

Faida yake ya kwanza ni kwamba inapima S moja kwa moja, kwa hiyo maji hayaidanganyi. Msimbazi masika au kiangazi, tope ni tope. Ya pili, haidai kila tabaka liwe gumu kuliko la juu yake. Jiwe la matumbawe juu ya mchanga linaonekana kwenye mkunjo kama kasi inayopungua mawimbi yanaporefuka. Nisikuuzie ndoto, lakini: kwenye hali kama hiyo mawimbi ya uso huja kwa namna kadhaa kwa wakati mmoja, na mchambuzi anayefuata namna isiyo sahihi atapata tabaka ambalo halipo. Kwa kiwanja cha Msasani mwombe akuonyeshe picha ya mkunjo wenyewe. Ukiona amechora mstari safi mahali ambapo picha ni ukungu, muulize kaufuata vipi.

Faida ya tatu ni kwamba kanuni za ujenzi zinaitaka namba hii. Kuna kipimo kinaitwa Vs30, kasi ya wastani ya S kwenye mita 30 za juu, na kanuni ya Ulaya ya majengo na matetemeko, Eurocode 8 tuliyoizoea, inagawa ardhi kwa kuitumia: zaidi ya 800 ni daraja A, 360 hadi 800 ni B, 180 hadi 360 ni C, chini ya 180 ni D. Anayedhani matetemeko hayatuhusu akumbuke Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, na nyumba zilizoanguka mkoani Kagera.

Wastani huu unakokotolewa kwa muda, si kwa kujumlisha kasi na kugawanya. Tuseme mita 10 za juu zina kasi ya 110, mita 10 zinazofuata 180, na 10 za mwisho 400. Ukijumlisha na kugawa kwa tatu unapata 230, daraja C. Hesabu sahihi inauliza wimbi linatumia muda gani kupita mita zote 30: sekunde 0.091, kisha 0.056, kisha 0.025, jumla 0.171 na ushee. Gawa 30 kwa hiyo, unapata takriban 175. Daraja D. Jengo lilelile, udongo uleule, na nondo tofauti kabisa. Mita za juu zilizo laini zina uzito mkubwa kwenye hesabu kwa sababu wimbi linakawia humo. Ukipewa ripoti yenye Vs30, fanya mgawanyo huo mwenyewe kwa kikokotoo cha simu kabla ya kulipa.

Udhaifu wake ni huu. Mkunjo mmoja unaweza kuelezwa na matabaka ya namna nyingi, na mchambuzi ndiye anayechagua. Jinsi unavyoshuka ndivyo inavyozidi kuona kwa ujumla: tabaka la nusu mita lililoko mita 20 chini usilitegemee. Na kwa kuwa inatoa wastani wa ardhi yote iliyo chini ya mstari wa jiofoni, shimo dogo au mfereji wa kale uliofukiwa unaweza kumezwa. Kina chake kwa nyundo ni nusu ya urefu wa mstari, mara nyingi mita 15 hadi 30. Ukitaka zaidi, zima nyundo na urekodi magari. Malori ya Barabara ya Morogoro yanatoa mawimbi marefu ambayo hakuna binadamu mwenye nyundo anayeweza kuyatengeneza, na kwa mara moja foleni inakuwa na faida.

Kelele za ardhi

Njia hii inapendwa kwa sababu inaonekana rahisi: kifaa kimoja kidogo chenye miguu mitatu, hakuna nyundo, hakuna kebo, kinakaa dakika 20 hadi 40 kikisikiliza mtetemo wa kawaida wa ardhi, kisha kinalinganisha mtikisiko wa mlalo na wa wima. Mjapani Yutaka Nakamura ndiye aliyeieneza kwa makala ya mwaka 1989, na kifupi chake ni HVSR. Mashapo laini yaliyolalia tabaka gumu yana frikwensi yao wenyewe ya kutikisika, na kwenye grafu hutokea kama kilima. Frikwensi hiyo ni kasi ya S kugawanywa kwa mara nne ya unene wa mashapo.

Mji wa Mexico ndio shule ya fomula hii. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lilianzia pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini, na bado majengo mamia yalianguka. Mji umejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Weka tope la mita 40 lenye kasi ya mita 80 kwa sekunde kwenye fomula: unapata mtikisiko mmoja kila sekunde mbili, na hicho ndicho kipindi ambacho ardhi ya eneo lililoumia zaidi ilitikisika. Majengo ya ghorofa kati ya sita na kumi na tano yaliumia kuliko mafupi au marefu zaidi.

Kinachosahaulika ni kwamba kifaa kinakupa frikwensi tu. Kina unakipata ukijua kasi. Kilima kikitokea kwenye 1 Hz na ukachukulia kasi ya 240, mashapo yana mita 60. Ukichukulia 300, yana mita 75. Mita kumi na tano zimepatikana mezani bila mtu kugusa ardhi. Anayekuuzia kina kutokana na HVSR peke yake amekisia kasi, na una haki ya kumuuliza aliitoa wapi.

Tena inahitaji mpaka mkali kati ya laini na gumu. Makutupora, ambako mashapo na udongo uliooza umelalia granite, mazingira yanafaa. Dar es Salaam mashapo yanakazana taratibu kadiri unavyoshuka, na mara nyingi unaweza kupata grafu bapa au vilima viwili vidogo visivyosema chochote. Jenereta na mashine za viwandani nazo zinaleta vilima vyembamba vikali kama sindano, vinavyojitokeza pande zote tatu za kifaa kwa pamoja. Hivyo ni vya mashine, si vya ardhi. Upepo kwenye mti wa jirani, mvua, kifaa kuwekwa juu ya zulia la nyasi au kokoto zinazocheza: vyote vinaharibu kazi.

Hata hivyo kwa bei na kasi hakuna inayoifikia. Ukitaka kujua ndani ya wiki mbili ni sehemu gani za bonde zima mashapo yananenepa na wapi yanakonda, sambaza vituo 40 vya HVSR, kisha fanya MASW kwenye vituo vinne au vitano ili upate kasi. Kama ramani ya mwanzo, ni ya kwanza. Kama kipimo cha mwisho cha msingi wa jengo, siiungi mkono.

Uakisi

Huu ndio unaotafuta mafuta na gesi. Wimbi linapigwa, linagonga mpaka wa tabaka, linarudi, na unapima muda wa kwenda na kurudi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ni ya kundi hili la kazi, na vivyo hivyo visima vya Turkana na Ziwa Albert. Rekodi ikirudi baada ya sekunde 0.4 na kasi ya wastani ikawa mita 1,800, tabaka liko mita 360 chini: nusu ya muda mara kasi. Kwa mashapo mazito yenye maji ya kina kirefu, kama ya Kimbiji kusini mwa Dar es Salaam, ndiyo njia ya mitetemo inayostahili kufikiriwa.

Nchi kavu gharama yake inatisha: malori ya kutikisa ardhi au baruti yenye vibali vyake, mamia ya jiofoni, wiki za uchakataji. Na kwenye mita 20 za juu haifai sana, kwa sababu mwangwi wa tabaka la karibu unarudi wakati uleule ambao mawimbi ya uso bado yanapiga kelele.

Ziwani mambo yanageuka. Maji hayabebi mawimbi ya S wala yale ya uso yanayosumbua nchi kavu, mashua inavuta chombo chake kilomita baada ya kilomita, na kila mita chache unapata rekodi mpya. Miaka ya 1980 njia hii ilionyesha kwamba chini ya Ziwa Tanganyika, ambalo peke yake lina kina cha mita 1,470, kuna mashapo ya unene wa kilomita kadhaa. Ziwa Victoria ni habari nyingine ya kusisimua. Lina maji ya mita 80 tu au zaidi kidogo, na picha za uakisi zilionyesha uso mmoja mgumu unaokata mashapo yake hadi katikati ya ziwa. Watafiti walipotoa mirija ya tope mpaka kwenye uso huo walikuta udongo uliokaushwa na jua, wenye mabaki ya mimea. Ziwa lote lilikauka mwishoni mwa enzi ya barafu, likaanza kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Nyundo na jiofoni zisingefika huko, na mirija peke yake isingejulisha kwamba uso ule umeenea ziwa zima.

Ndani ya shimo

Unachoronga, unaweka bomba la plastiki, unalijazia saruji nyepesi pembeni lishikane na udongo, kisha unashusha jiofoni na kupiga bamba juu ya ardhi, mita kwa mita. Ukiwa na mashimo mawili unatetemesha moja na kusikiliza kwenye jingine. Kasi ya kila tabaka unaisoma bila kukisia chochote. Hakuna kipimo cha S kinachokaribia usahihi wake. Lakini ni ghali, na kinakuambia habari za nukta moja. Bondeni Msimbazi, ambako mto umehamahama na kufukia njia zake, mita 15 pembeni ya shimo lako udongo unaweza kuwa mwingine. Saruji isiposhika vizuri, bomba linacheza na namba zote zinaharibika. Usiache siku ya kumwaga saruji ipite bila mtu wako kuwepo.

Basi nani achukue nini?

Mhandisi wa daraja Msimbazi: mawimbi ya uso kwenye mistari miwili inayokatiza bonde, shimo la uchorongaji lenye SPT (jaribio la kupigilia bomba kwenye udongo na kuhesabu mapigo) kila upande, na upimaji wa ndani ya shimo kwenye moja wapo. Upindaji wa P aachane nao, isipokuwa anataka kujua maji yako wapi.

Mwenye ghorofa Msasani ana kazi ngumu kuliko anavyodhani. Kwake ningeweka uchorongaji mbele ya kila kitu, ukipita jiwe la matumbawe na kuendelea mita kadhaa chini yake, kisha mawimbi ya uso kujaza nafasi kati ya mashimo. Mkandarasi anayempendekezea upindaji peke yake juu ya matumbawe amkatae kwa adabu.

Anayetafuta maji Makutupora: HVSR kusambaza eneo, upindaji kwenye mistari iliyochaguliwa kupata kina cha granite na mahali ilipokatika. Hapo bado hajajua kama kuna maji wala kama ni matamu. Visima vya Makutupora vimekuwa vikiilisha Dodoma tangu miaka ya 1950, na vinanufaika na maji yanayokusanyika kwenye mashapo na mwamba uliooza na kupasuka. Kutofautisha mwamba uliooza wenye maji na mkavu, vipimo vya umeme vinafanya vizuri zaidi. Wachimbaji wengi wanatumia umeme peke yake, na pwani hilo linawaponza, maana udongo wa mfinyanzi na mchanga wenye maji ya chumvi vyote vinapitisha umeme kirahisi. Vikienda pamoja, mtetemo unakupa umbo la chombo na umeme unakuambia kilichomo.

Yeyote utakayemchagua, mambo matatu yaandikwe kwenye mkataba kabla hajashusha vifaa. Faili ghafi za rekodi ziwe mali yako, si picha za rangi tu, ili mtu mwingine aweze kuchambua upya mwaka kesho. Kila nukta iwe na majira yake ya GPS pamoja na kimo. Na kila mkunjo au grafu ya muda ije na mstari wa hesabu uliochorwa juu ya vipimo halisi, ili uone kwa macho vilipokubaliana na vilipopishana. Mkandarasi mzuri atakuwa navyo vyote tayari kwenye kompyuta yake. Akianza kusema kuwa hivyo ni gharama ya ziada, endelea kutafuta.